Uani wa Ngamiani wajengwa upya kwa faida ya safari za Mombasa

Na Mwandishi Wetu, Tanga

Mvua ilikuwa imekatika alfajiri. Mama mmoja wa Ngamiani, jijini Tanga, alipofungua stoo yake ya uani ili kupakia mzigo wa Mombasa, harufu ilimpokea kabla macho hayajaona kitu. Magunia mawili ya iliki yaliyokuwa chini kabisa ya rundo yalikuwa yamelowa na kuota utando wa kijivu. Gunia la mahindi lililoegemea ukutani lilikuwa limeshikana donge. Bati halikuvuja hata tone. Maji yalipanda kutoka sakafuni.

Safari ile haikufanyika. Iliki iliishia jalalani, na deni la mkulima wa Amani, milimani wilayani Muheza, lilibaki palepale kwenye daftari.

Masika manne yamepita tangu asubuhi hiyo, na uani wa nyumba ile umekuwa ukijengwa upya kipande kwa kipande. Hakuna mkopo wa benki uliochukuliwa, wala kikoba hakijaguswa. Kila kipande kimelipwa na safari moja au mbili za kuvuka Horohoro kwenda Mombasa na kurudi. Kazi haijaisha, upande mmoja wa ua bado ni mabati yaliyotoboka yaliyofungwa kwa waya. Mwenyewe anasema hana haraka, ila ameomba jina lake lisiandikwe gazetini, kwa sababu nyumba hiyo si yake peke yake.

Mbele kwa wageni, nyuma kwa mzigo

Anayeijua Ngamiani, mtaa ambao barabara zake huitwa kwa namba, anazijua nyumba hizi. Mbele kuna baraza, kisha mlango, kisha ukumbi mrefu unaopita katikati na vyumba pande zote mbili. Ukumbi unaishia kwenye mlango wa nyuma, na mlango huo unafungua uani. Ni aina ya nyumba iliyosafiri na biashara kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji, na hata leo ukiiona huko bara unajua mfanyabiashara wa zamani alipita hapo.

Kuta za nyumba hii ni za miti ya mikoko na fito, zikakandikwa udongo na vipande vya mawe, halafu zikapigwa lipu ya chokaa. Mbele hupakwa rangi kila sikukuu ikikaribia. Nyuma ndiko kwenye jiko, choo, bafu, kisima, kamba za nguo na kuku. Kwa mchuuzi wa mpakani, nyuma ndiko pia kwenye ghala.

Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Pesa ikipatikana, huanza na baraza: vigae, nguzo mbili za urembo, geti la kung'aa. Mzigo unaoleta pesa yenyewe unabaki kulala kwenye kibanda chenye sakafu ya udongo.

Hasara ya kibanda hicho haiishii kwenye gunia moja. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Wafanyabiashara wa mpakani wanaikumbuka Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, lakini kwa masharti: waingizaji wasajiliwe na kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha kuwa sumukuvu haijavuka kiwango. Kenya ina sababu ya kuogopa. Mwaka 2004, watu 125 walikufa mashariki mwa nchi hiyo, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na uhifadhi wa mahindi mabichi majumbani ulikuwa sehemu ya chanzo chake.

Kuvu huyo huanzia shambani, ndiyo. Lakini mahindi yaliyokauka vizuri Handeni yanaweza kulowa tena Ngamiani ndani ya wiki mbili za masika, yakilala juu ya sakafu inayonyonya maji. Iliki na pilipili manga hali yake ni hiyo hiyo, na hizo hunusa kila kitu kilicho jirani: moshi, mafuta ya taa, sabuni. Mnunuzi wa viungo anayejua kazi yake hufungua gunia, huchota kiganjani na kunusa. Hahitaji maabara.

Fundi aliyesubiri mvua

Mafundi wawili wa mwanzo walitoa ushauri mmoja: mwaga zege juu ya sakafu ya zamani, piga lipu ya saruji ukutani, mambo yamekwisha. Bei zao zilitofautiana kidogo tu.

Wa tatu, mzee aliyewahi kujenga nyumba za udongo tangu ujana wake, alikataa kutaja bei. Aliomba aitwe siku ya mvua. Alikuja na mwavuli, akasimama kwenye mlango wa nyuma karibu nusu saa, akatazama maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Kisha akaonyesha mambo matatu. Paa la nyumba kubwa lilikuwa linamwaga maji yote uani, kwa kuwa halikuwa na gata. Maji ya bafu yalikuwa yanatafuta njia yake mwenyewe chini ya ukuta wa stoo. Na uani wenyewe ulikuwa umepanda: miaka mingi ya majivu, mchanga wa kufagia na kifusi kilichotupwa huku na kule ilikuwa imeinua ardhi ya nje ikawa juu kuliko sakafu ya ndani. Stoo ilikuwa imegeuka bakuli.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haikuhitaji mfuko hata mmoja wa saruji. Vijana wawili walichimba na kuondoa udongo uliopanda, wakaushusha uani mpaka chini ya usawa wa sakafu. Walipofika karibu na ukuta walikuta msingi wa mawe ambao hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa anaukumbuka, mzima kabisa. Udongo ulioondolewa ulibebwa kwa mkokoteni.

Kisha ukapimwa mteremko. Fundi alitumia mpira mwembamba uliojazwa maji, ule wa kusoma usawa kwenye ncha mbili, na kila mita moja kutoka nyumba kuelekea nyuma akashusha sentimita 2. Haionekani kwa macho, na meza ikiwekwa haiyumbi, lakini maji yanaijua. Mwisho wa mteremko ukachimbwa mtaro uliojengwa kwa mawe, ukapitishwa pembeni mwa kiwanja hadi kwenye mfereji wa barabara. Hapo ilibidi kuzungumza na jirani, maana mtaro ulipita kwenye mpaka wa viwanja viwili. Mazungumzo yalichukua muda mrefu kuliko uchimbaji.

Safari iliyofuata ilinunua gata na tangi la plastiki. Hesabu yake ni rahisi: mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita 1. Mteremko wa nyuma wa paa una kama mita 40 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 25 ni lita 1,000, ukitoa zile zinazorukia nje. Maji yaliyokuwa yakiozesha mzigo sasa yanafua nguo, yanaosha vyombo na kumwagilia zege. Kisima cha zamani kimefunikwa na hutumika kwa usafi tu. Kwenye viwanja vya ukubwa huu hakuna namna ya kukitenga na mashimo ya vyoo, ya nyumbani na ya majirani.

Ukuta unaopumua

Baada ya maji ulifuata ukuta, na hapa ndipo pesa nyingi za wenye nyumba za zamani hupotelea. Mtu aliyewahi kukarabati kabla yao alipiga lipu ya saruji sehemu ya chini, kimo cha kiuno, akiamini anazuia unyevu. Ilikuwa kinyume chake. Ukuta wa udongo hunyonya maji na kuyatoa tena hewani. Ukiuvika saruji, maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi na kuozesha fito kwa ndani. Lipu ilipogongwa kwa nyundo ilitoka kama sahani, nzima nzima, na nyuma yake udongo ulikuwa unga.

Fundi mzee alibandua yote, akaacha ukuta ukae wazi kiangazi chote, akabadilisha miti mitatu iliyooza, akakandika upya na kupiga lipu ya chokaa na mchanga. Majirani walicheka. Nani anapiga chokaa zama hizi? Lakini ukuta huo umepita masika mawili bila kubanduka. Chokaa haivumilii kugongwagongwa na magunia, kwa hiyo upande wa kupakia umewekwa mbao za kukinga.

Saruji ilibaki kwa mahali pake: stoo mpya. Ya zamani ilibomolewa. Mpya imesimama kwa tofali za inchi 6, sakafu yake imeinuliwa kwa mawe na kifusi kilichoshindiliwa, juu ikatandikwa karatasi nzito ya nailoni, kisha zege. Nailoni hiyo ni kitu cha bei ndogo ambacho wengi hukiruka, na ndiyo inayozuia unyevu wa ardhini usipande. Magunia hayalali sakafuni. Yanakaa juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita kwa ubavu. Karibu na dari kuna matundu ya hewa pande mbili zinazotazamana, yenye wavu wa kuzuia panya. Jiko, lililokuwa limepakana na stoo, limehamishiwa kona ya pili, upande ambako upepo unapeleka moshi nje.

Bati lilikuwa mjadala. Geji 30 ni rahisi, geji 28 ni nene zaidi, na upepo wa chumvi wa Tanga haulali. Alinunua geji 28 kwa safari mbili, akingoja ya pili ndipo aezeke.

Kusubiri kuna kanuni zake. Mawe, kokoto na tofali vinaweza kukaa uani mwaka mzima bila kudai kitu. Saruji haikai. Kwenye hewa ya pwani mfuko huanza kushika mabonge mapema, na baada ya miezi michache nguvu yake imepungua hata kama haujafunguliwa. Yeye alijifunza hilo kwa mifuko minne aliyoihifadhi chini ya kitanda akidhani anaweka akiba. Sasa hununua saruji juma lile lile la kumwaga zege, na zege likishamwagwa humwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku 7 au zaidi. Mchanga lazima uwe wa mtoni. Wa ufukweni uko karibu na wakati mwingine hutolewa kwa bei ya kutupa, lakini chumvi yake inakula nondo ndani kwa ndani, na nyufa huja kuonekana fundi akiwa ameshahama mtaa.

Vigae vya Mombasa

Mdogo wake wa kiume anauza viungo karibu na soko la Marikiti, Mombasa. Ndiye anayepokea iliki na pilipili manga, na ndiye aliyemwambia dada yake kuwa mabomba na vigae vya bafu ni rahisi zaidi upande wa Kenya. Bei dukani ilikuwa kama alivyosema. Mpakani ikawa nyingine.

Kosa lao linafanywa na wengi. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu mchuuzi mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani kupata cheti cha asili kilichorahisishwa palepale mpakani na kuvusha bila ushuru wa forodha. Neno lenye uzito hapo ni asili. Bidhaa lazima iwe imezalishwa ndani ya Jumuiya na iwemo kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa. Rangi iliyotengenezwa Kenya ina nafasi hiyo. Kigae kilichotoka China kikashushwa bandarini Mombasa hakiwi cha Afrika Mashariki kwa kuuzwa duka la Mombasa. Kinalipiwa ushuru kama kitu cha kigeni. Risiti ya duka si cheti cha asili. Na hata mwenye cheti hasamehewi kodi nyingine za ndani, wala nafaka zake hazisamehewi cheti cha afya ya mimea, ambacho kwa Tanzania hutolewa na TPHPA.

Alilipa ushuru, akavitia vigae bafuni, na hakuna aliyevisifia. Choo kilichimbiwa shimo jipya mbele kidogo ya mtaro, kikajengewa kuta na kufunikwa. Hicho hakikuwa na hadithi.

Tofali la nani?

Wakati stoo inafika kimo cha lenta, simu kutoka Mombasa zilianza kuwa fupi.

Nyumba iliachwa na baba yao. Mama alitangulia. Waliobaki ni watatu: yeye, mdogo wake wa Mombasa, na mdogo wao wa kike aliyeolewa Pongwe. Kwa mirathi ya Kiislamu mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike, kwa hiyo siku nyumba ikigawanywa, nusu ni ya kaka na kila dada ana robo. Maana yake ni kwamba katika kila tofali nne alizonunua kwa jasho la Horohoro, moja tu ndiyo yake. Kaka naye alikuwa na hofu yake, ambayo hakuisema waziwazi kwa muda mrefu: kwamba dada anayejenga uani leo atakuja kudai nyumba nzima kesho. Na yule wa Pongwe alitaka stoo ipangishwe kwa mtu wa nje ili kila mtu apate chake.

Ugomvi wa aina hii umevunja biashara nyingi za mpakani kuliko ushuru wowote. Dada anayemnyima kaka mzigo, kaka anayechelewesha malipo. Baada ya misimu miwili kila mmoja ametafuta mshirika mgeni.

Waliokoa hali kabla ya lenta kumwagwa. Baba yao mdogo aliwaita wote watatu, kaka akapanda basi la asubuhi kutoka Mombasa, wakakaa ukumbini na mwenyekiti wa mtaa akiwa shahidi. Mkeka ulitandikwa, kahawa ikanywewa, maneno makali yakasemwa na mengine yakaombewa radhi. Kilichoandikwa kina mambo machache. Kila gharama ya uani iingie kwenye daftari pamoja na risiti. Nyumba ikiuzwa au kugawanywa, gharama hizo zirudishwe kwanza kwa aliyezitoa, ndipo mafungu yahesabiwe. Stoo itumike na dada bila kodi, na mzigo wa kaka unaotoka Mombasa, sabuni na vyombo vya plastiki, ulale humo bure ila kwenye chumba chake cha pembeni, mbali na viungo. Kodi ya chumba kimoja cha mbele iende Pongwe.

Karatasi hiyo inawatosha wao watatu. Haiwatoshi watoto wao. Nyumba bado iko kwa jina la marehemu, na hakuna aliyeteuliwa msimamizi wa mirathi. Kwa hilo lazima mmoja wao aende Mahakama ya Mwanzo akiwa na kumbukumbu za kikao cha ukoo na cheti cha kifo. Cheti kimepatikana. Kikao cha ukoo kimepangwa mara mbili na kuahirishwa mara mbili: mara ya kwanza kwa sababu ya msimu wa iliki, mara ya pili kwa sababu ya msiba. Baba mdogo ana umri mkubwa, na yeye ndiye anayejua mipaka ya kiwanja ilivyokuwa kabla ya majirani wa sasa.

Kibali cha halmashauri kwa ajili ya ukuta wa ua nacho kinasubiri hapo hapo, kwa kuwa mwombaji huulizwa kiwanja ni cha nani. Mama huyo hakutaka kujenga ukuta kwanza na kuulizwa baadaye.

Kwa sasa uani una sakafu ya zege upande mmoja, ambako mahindi huanikwa juu ya turubai jua likiwa kali, na upande wa pili umeachwa udongo kwa ajili ya mndimu uliopandwa na mama yao. Fundi alitaka kuukata ili apate mteremko ulionyooka. Alikataliwa, mtaro ukazunguka.

Chini ya mndimu huo kuna tofali zilizopangwa safu tano, zimeanza kuota kijani. Ni za ukuta wa ua. Kwenye daftari, mstari wao una tarehe ya safari ya mwezi uliopita, na pembeni, kwa mwandiko mwingine, kuna mchango wa kwanza kutoka Mombasa: mifuko sita ya saruji, haijanunuliwa bado.